Mafuta ya Mbegu na Jicho la Mtoto wa Askari

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulizuka Tanzania na kuenea upesi, na ilipofika mwezi Machi ulikuwa umekwisha onekana Uganda pia, hasa mahali ambapo watu wengi hulala na kuoga pamoja, kama vile shuleni na magerezani. Wakuu wa afya waliwasihi wananchi wasijitilie machoni kitu chochote ambacho hawakupewa na mganga wa hospitali. Onyo hilo lilisikika, lakini si wote waliolitii. Chupa ndogo za mafuta ya ufuta, ya mwarobaini, ya habasoda na ya nyonyo ziliendelea kuuzwa masokoni kama zinavyouzwa hata leo, na muuzaji hakosi la kusema: kwamba hata Wazungu wamekwisha thibitisha katika maabara zao kuwa mafuta ya mbegu huua vijidudu vya macho.

Habari hiyo si uongo mtupu, na hapo ndipo penye hatari. Uongo mtupu hukanushwa kwa neno moja. Lakini habari iliyo nusu kweli hapana budi ipekuliwe kama lori lililosimamishwa kizuizini, mzigo mmoja baada ya mwingine. Makala haya yanakusudia kufanya upekuzi huo kwa faida ya askari wa jeshi na wa polisi, ambao jambo hili linawahusu kuliko wanavyodhani.

Mzigo wa kwanza ni mwepesi, nao tuushushe mara moja. Macho mekundu yaliyoenea mwaka 2024 yaliletwa na virusi. Majaribio ya mafuta ya mbegu tutakayoyaeleza yalifanywa juu ya bakteria, na dawa ya kuua bakteria haifai kitu mbele ya virusi. Aliyejitilia mafuta wakati ule akapona, alipona kwa sababu ugonjwa ule kwa kawaida hupona wenyewe baada ya majuma machache. Mafuta yalipewa sifa ya ushindi ambao hayakuupigania.

Sasa tuje kwenye bakteria, na tuanze na historia ya majeshi yenyewe.

Napoleon Bonaparte alipoivamia Misri mwezi Julai 1798, haikupita muda mrefu askari wake wakaanza kuugua macho. Waingereza waliokwenda kupigana nao, na kuwashinda mwaka 1801, waliambukizwa vilevile, wakarudi kwao na ugonjwa huo kambini. Maelfu ya askari walipofuka pasipo kuguswa na risasi. Kutoka kambini ugonjwa ulihamia mitaani, na mwaka 1805 ikafunguliwa mjini London zahanati ya macho ambayo leo ni Hospitali ya Moorfields, mojawapo ya hospitali za macho mashuhuri kabisa duniani. Wataalamu wanaoyachunguza maandishi ya wakati ule wanaona kwamba yalikuwa maradhi zaidi ya moja yaliyochanganyika. Yalikuwamo vikope, yaani trakoma, na ulikuwamo usaha wa macho unaoletwa na kijidudu cha kisonono. Askari mwenye kisonono aligusa alipogusa, akajipangusa jicho. Kisha kitambaa chake kikatumiwa na mwenziwe, na beseni moja la maji likawanawisha watu kumi.

Kijidudu hicho cha kisonono kiligunduliwa na Albert Neisser mwaka 1879. Katika miaka ile ile, daktari wa Kijerumani Carl Credé alikuwa akihangaika na watoto waliozaliwa katika hospitali ya Leipzig. Takriban 10 katika kila 100 waliugua usaha wa macho, na wengi walikuwa vipofu kabla ya kujua sura ya mama yao. Mnamo 1880 Credé alianza kumtilia kila mtoto, mara tu baada ya kuzaliwa, tone la maji yenye nitrati ya fedha. Wagonjwa wakapungua hata wasifike 1 katika 100. Katika historia ya tiba ni nadra kuona jambo dogo namna hiyo likiokoa macho mengi kiasi hicho.

Je, mtoto asiye na kosa hupataje kijidudu cha kisonono? Hukipata njiani, anapozaliwa, kwa mama ambaye aghalabu hajui kuwa anacho. Mwanamume akiambukizwa kisonono, mara nyingi hupata habari ndani ya siku chache, kwa maumivu na usaha wakati wa haja ndogo. Mwanamke anaweza kukaa nacho miezi bila dalili yoyote. Mama asiyetibiwa anaweza kumwambukiza mtoto wake machoni kwa kadiri ya 30 hadi 50 katika 100. Kati ya siku ya pili na ya tano baada ya kuzaliwa, kope za mtoto huvimba hata asiweze kufumbua macho. Zikifunuliwa, usaha mwingi wa manjano hububujika. Konea, ambayo ni kile kioo cha mbele ya jicho, inaweza kutoboka kwa muda mfupi kuliko zamu mbili za lindo.

Nitasema wazi, kwa kuwa maneno ya kuficha hayajamponya mtu. Askari hutumwa mbali na nyumbani kwa miezi. Wengine hurudi na kisonono. Aliye na haya hawendi kwa mganga wa kambi, kwa kuwa anaogopa jina lake litaandikwa daftarini na kusomwa na karani. Huenda duka la dawa mjini, hununua vidonge vichache vya cipro, huona nafuu au hudhani ameona nafuu, kisha hurudi nyumbani kwa mkewe bila kusema neno. Miezi tisa baadaye anayelipa deni hilo ni mtu ambaye hakuwapo lilipokopwa.

Na vidonge vile vya cipro? Utafiti uliofanywa Kampala katika miaka ya 2008 na 2009 juu ya wanawake wanaojipatia riziki kwa biashara ya ngono, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa zaidi ya nane katika kila kumi ya vijidudu vya kisonono vilivyopatikana havikutishwa tena na dawa hiyo. Hii ndiyo tabia ya kijidudu hiki tangu kale. Dawa za sulfa zilipokuja katika miaka ya 1930 zilikiua vizuri, lakini kabla Vita Kuu ya Pili haijakwisha zilikuwa zimekwisha shindwa na vingi kati yake. Penisilini ikachukua zamu. Mwaka 1976 vikaonekana vijidudu vya kisonono vyenye uwezo wa kuivunjavunja penisilini yenyewe. Vingine vilihusishwa na Afrika Magharibi, vingine na Mashariki ya Mbali. Tetrasaikilini nayo ikazoeleka, kisha cipro. Kila silaha inayoletwa, adui huyu huisoma, hujifunza namna yake, na baada ya miaka michache huikwepa.

Hiyo ndiyo sababu wataalamu wamerudi kuyaangalia mafuta. Hawakurudi kwa kupenda dawa za kienyeji wala kwa kuzidharau hospitali. Walirudi kwa kuwa ghala la silaha linakaribia kuwa tupu, na mafuta hupigana kwa namna nyingine kabisa.

Antibiotiki nyingi ni kama mdunguaji: humlenga mtu mmoja tu ndani ya ngome, labda yule anayejenga ukuta au yule anayenakili amri. Adui akibadilisha mahali pa mtu huyo, risasi hupita bure. Asidi za mafuta hazilengi mtu, hubomoa ukuta wenyewe. Utando unaokizunguka kijidudu umejengwa kwa mafuta. Asidi fulani za mafuta hupenya ndani yake, huuchanachana, na kijidudu huvuja hata kikafa. Ni vigumu zaidi kwa adui kubadilisha ukuta wote kuliko kumhamisha mlinzi mmoja. Wataalamu wa Iceland walionyesha jambo hili katika maabara mwishoni mwa miaka ya 1990, kwanza juu ya kijidudu cha klamidia, ambacho jamii yake nyingine ndiyo iletayo vikope, kisha juu ya kijidudu cha kisonono. Kati ya asidi na chembe za mafuta walizojaribu, moja iliyofanya vizuri sana iliitwa monokaprini. Chimbuko lake ni asidi iitwayo kapriki, ambayo hupatikana katika mafuta ya nazi.

Lakini msomaji aliyekwenda kozi ya baruti atauliza mara moja: kinachobomoa ukuta wa adui kitauacha salama ukuta wetu? Jicho nalo limejengwa kwa chembe hai zenye utando wa mafuta. Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote, na muuzaji wa chupa ndogo hana habari nalo.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kingston, kilichoko pembeni mwa jiji la London, walilishughulikia swali hilo, na mwaka 2017 wakatangaza walivyofanya. Utaratibu wao utaeleweka vizuri na mtu yeyote aliyewahi kupita katika mchujo wa kuandikishwa jeshini. Walianza na asidi za mafuta na jamaa zake 37. Kila moja ilikutanishwa na kijidudu cha kisonono, na sharti lilikuwa kuua upesi, maana jicho hupepesa na machozi huosha. Dawa inayochelewa huondolewa na machozi kabla haijafanya kazi. Katika hizo 37, ni 7 tu zilizofaulu.

Hizo 7 zikapelekwa mtihani wa pili, wa kupima kama zinaunguza. Walichukua macho ya ng'ombe waliokwisha chinjwa, wakazitia, wakaangalia kama kioo cha jicho kinaingia ukungu. Wakachukua mayai ya kuku yenye kifaranga kinachoanza kukua, wakazidondosha juu ya ule utando wenye mishipa ya damu, wakangoja kuona kama mishipa itapasuka. Wakachukua chembe nyekundu za damu, wakaona kama zitavunjika. Kisha wakaja na mtihani ambao mimi nauona kuwa wa busara kuliko yote: walitengeneza maji yanayofanana na machozi, wakaijaribu dawa ndani yake. Ni kama kumtoa askari kwenye uwanja wa shabaha ulio mkavu na kumpeleka kinamasini wakati wa mvua, ili ajulikane kama bunduki yake italia. Kati ya zile 7, ni 4 zilizoendelea kuua vijidudu ndani ya machozi hayo, na kati ya hizo 4, mbili zilichaguliwa kuwa bora: monokaprini, na nyingine iitwayo asidi ya miristoleiki. Mwaka 2020 watafiti hao walieleza namna walivyoitengeneza monokaprini kuwa matone ya macho, kazi isiyokuwa rahisi kwa sababu haipendi kuyeyuka majini.

Hapo ndipo habari ilipofika. Hatua hizo ni za maabara. Kutoka hapo hadi kope ya mtoto aliyezaliwa usiku wa jana iko safari ya majaribio juu ya watu, na safari hiyo haikatiwi njia ya mkato.

Sasa tuifungue ile chupa ya sokoni, tuitazame iliyomo. Je, mwenye kuinunua chupa ya mafuta ya nazi amenunua monokaprini? La. Ndani ya mafuta ya nazi, kama ndani ya mafuta yote ya mbegu, asidi za mafuta hazitembei huru. Kila tatu zimefungwa pamoja kwenye chembe moja ya gliseroli, mfano wa mahabusu watatu waliofungwa pingu kwenye mti mmoja. Kwa hali hiyo haziwezi kupigana na mtu. Isitoshe, asidi ya kapriki katika mafuta ya nazi ni kiasi cha 6 tu katika 100, na karibu nusu ya mafuta ni asidi ya lauriki. Ili kupata monokaprini, mkemia hana budi kuzivunja pingu hizo, kuichagua kapriki miongoni mwa wenzake, kuifunga moja tu kwenye gliseroli yake, kuisafisha, na kuipima kwa kipimo kisichobadilika. Mafuta ya nazi ni kwa monokaprini kama jiwe la madini lilivyo kwa mtutu wa bunduki.

Jambo hili si geni katika historia. Mafuta ya mbegu za mti wa chaulmoogra yalitumiwa India na nchi nyingine za Asia kwa karne nyingi kutibu ukoma, ugonjwa ambao nao hupofusha. Lakini yakinywewa yalitapisha, na yakidungwa yalibaki chini ya ngozi kama uvimbe. Aliyeyafanya yatumike ni mwanakemia kijana, Alice Ball, Mmarekani Mweusi aliyefundisha katika chuo cha Hawaii. Akiwa na umri wa miaka 23 alizitenga asidi za mafuta hayo na kuzigeuza ziweze kudungwa na kupokewa na mwili. Alifariki mwaka 1916, mwaka mmoja baadaye, na mkubwa wake akaitangaza kazi hiyo bila kumtaja. Sifa zake zilirudishwa baada ya miongo mingi. Dawa yake ilitumika hadi zilipokuja dawa za jamii ya sulfoni katika miaka ya 1940. Mbegu ilikuwa ile ile iliyojulikana tangu zamani, ila hapakuwa na mtu wa kuichambua.

Wako watakaosema kwamba tahadhari zote hizi za macho ya ng'ombe na mayai ya kuku ni uchelewaji wa Kizungu. Hao ningewapeleka visiwa vya Sese, hapa hapa katika Ziwa Viktoria. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, daktari mkuu wa Kijerumani, alipiga kambi huko kutafuta dawa ya malale, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu wa pwani za ziwa. Alitumia dawa yenye sumu ya arseniki iitwayo Atoxyl, akapandisha vipimo kwa matumaini ya kuponya zaidi. Malale hayakuponyeka kama alivyotaraji, na baadhi ya wagonjwa walipofuka kabisa, kwa kuwa dawa ile iliharibu mshipa wa jicho. Wale hawakuwa macho ya ng'ombe. Walikuwa babu zetu. Taratibu za leo za kujaribu kwanza juu ya yai, kisha jicho lisilo na mwenyewe, na mtu awe wa mwisho, zimelipiwa kwa mambo kama hayo.

Mimi mwenyewe nina jicho moja linalonijia akilini kila niandikapo juu ya mambo haya, na si langu. Nilipokuwa luteni mpya, siku chache baada ya kutoka chuo cha kadeti, nilipewa kikosi kidogo katika kituo kimoja cha kaskazini. Vumbi lilikuwa jingi, maji machache. Koplo mmoja, mpiga shabaha hodari kuliko wote kikosini, alianza kutokwa na tongotongo jicho la kulia. Mama mmoja wa sokoni alimpa mafuta ya simsim yaliyokamuliwa nyumbani na kuchanganywa na majani aliyoyajua mwenyewe. Nilimwona akijitilia kwa unyoya wa kuku. Nilimuuliza kama ni salama, naye akanijibu kwa adabu: "Afande, haya mafuta tunayala kila siku. Yatadhuruje?"

Sikuwa na jibu, na kwa kuwa sikuwa na jibu nilinyamaza. Kosa hilo ni langu. Jibu lipo, nami nalijua sasa. Tumbo lina asidi kali inayoua wageni wengi, jicho halina. Mafuta yaliyokamuliwa nyumbani huwa na vumbi, na ukungu wa ghalani, na kila kilichokuwa mkononi mwa mkamuaji. Yanaweza kuwa chakula kizuri na bado yakawa uchafu machoni. Unyoya nao hukwaruza. Konea iliyokwisha umia ni kama uzio uliokatwa: kinachopitishwa hapo huingia moja kwa moja. Siku ya tano doa jeupe lilionekana juu ya mboni. Tulipompeleka hospitali, daktari aliliokoa jicho lakini hakuliokoa doa. Koplo yule alihamishiwa ghalani, ambako sijui kama amewahi kushika bunduki tena.

Wala si yeye peke yake. Uchunguzi uliofanywa Tanzania na kutangazwa mwaka 1994 ulikuta kwamba robo ya wagonjwa wenye vidonda vya konea walikuwa wametia macho yao dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitali.

Hata hivyo haki itendeke. Si kila mafuta ya mbegu yanayokaribia jicho ni kosa. Huko New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 2020, wataalamu walijaribu mafuta ya nyonyo kwa watu 26 wenye ugonjwa wa kingo za kope, ule unaofanya kope ziwashe na kushikana kwa magamba. Kila mtu alipakwa upande mmoja tu kwa majuma manne, na upande wa pili ukaachwa uwe shahidi. Upande uliopakwa ulipata nafuu ya kuonekana. Lakini zingatia: yalikuwa mafuta safi ya kiwandani, yalipakwa juu ya kope zilizofumbwa, hayakutiwa ndani ya jicho, na ugonjwa wenyewe si usaha wa kisonono wala vikope. Anayesoma habari hiyo na kwenda kumdondoshea mtoto mchanga mafuta ya nyonyo hakuisoma, aliiona tu.

Liko jambo moja linaloniudhi, nalo nitalisema. Ile asidi ya pili iliyochaguliwa, miristoleiki, haipatikani kwa wingi katika mbegu nyingi za dunia. Mojawapo ya mbegu zilizo nayo ni ya mti ambao maseremala wa Buganda wanaufahamu vizuri, lunaba, unaoota katika misitu kutoka Afrika Magharibi hadi Uganda. Sisi tunaupasua mbao. Ugandani kuna taasisi ya serikali ya kuchunguza dawa za mitishamba, iliyoko Wandegeya, Kampala, tangu 1964. Na kuna sheria ya mwaka 2019 inayosimamia tiba za asili. Mlango umekwisha jengwa. Sioni kwa nini kijidudu cha kisonono kilichotolewa Kampala, chenye ubishi wa Kampala, kisijaribiwe Kampala kwa mbegu za Kampala, kwa mitihani ile ile ya jicho la ng'ombe na utando wa yai. Ng'ombe huchinjwa mjini kila siku, na mayai si haba.

Na wala nchi jirani hazikukaa tu. Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Kenya juu ya watoto wachanga zaidi ya 3,000, kulinganisha dawa tatu za kutia machoni baada ya kuzaliwa. Maji ya ayodini yaitwayo povidoni, dawa rahisi ambayo kila chumba cha upasuaji huwa nayo, yalizishinda zile mbili nyingine: watoto walioambukizwa walikuwa 13 katika 100, dhidi ya 15 waliotiwa erithromaisini na zaidi ya 17 waliotiwa nitrati ya fedha. Dunia nzima iliyasoma matokeo hayo. Yalipatikana Afrika Mashariki, kwa watoto wa Afrika Mashariki.

Mpaka matone ya monokaprini yatakapothibitishwa, kama yatathibitishwa, kazi inafanywa na vitu vilivyopo. Askari aliyepata kisonono aende kwa mganga wa kambi na ataje kila aliyelala naye, mkewe awe wa kwanza, kwa sababu mama aliyetibiwa kabla ya kujifungua humkinga mtoto kuliko tone lolote. Mkewe ahudhurie kliniki ya wajawazito na apimwe. Mtoto akizaliwa, mkunga humtia mafuta ya hospitali machoni, kwa kawaida tetrasaikilini ya asilimia 1, mara tu baada ya kumkausha. Baba ana haki ya kuuliza kama jambo hilo limefanyika, hata kama anauliza kwa simu akiwa lindoni. Na mtoto aliyekwisha toka usaha hatibiwi kwa mafuta, yawe ya sokoni au ya hospitali. Huyo anahitaji sindano, ambayo kwa sasa ni ya seftriaksoni, na anaihitaji siku ile ile, usiku ukiwa usiku. Gari la kambi lipo kwa kazi kama hiyo.